Halv tre si saa tisa u nusu: kusoma lugha za Skandinavia ukitokea Lamu

Mtihani wangu wa kwanza wa mazungumzo chuoni nilifika nimechelewa saa nzima. Mwalimu alikuwa ameniandikia "halv tre". Nikaona tre ni tatu, halv ni nusu, basi tatu na nusu, yaani kwetu saa tisa u nusu. Kumbe Wanorwei huhesabu nusu ya kuiendea saa, si ya kuipita. Halv tre ni saa nane na nusu. Nilikuta chumba kitupu, na kiti kimeshapinduliwa juu ya meza.

Vijana wa mashua wa Shela huniuliza waanzie wapi. Wengi washaokota "hej" na "takk" kwa wageni wanaowapeleka Manda. Jawabu langu ni moja: chagua lugha moja, uikamilishe, zile nyingine zitakujia zenyewe. Wewe ukisema nti na ndia, mtu wa Unguja akisema nchi na njia, mnaelewana bila mkalimani. Kinorwei, Kiswidi na Kidenmaki zimekaa hivyo hivyo. Kiaislandi ni ndugu yao, ila kimehifadhi minyambuliko ya kale, na hao watatu hawakielewi tena. Kifini usikitie hapo. Si wa ukoo huo kabisa.

Mimi nasema anza na Kinorwei cha bokmål, ndilo andiko lake linalotumika zaidi. Norwei ilikuwa chini ya Denmaki hadi 1814, kwa hiyo maandishi yake yanafanana sana na ya Kidenmaki, na matamshi yako karibu na Kiswidi. Unakaa katikati, unasikiliza pande zote mbili. Kidenmaki kukisoma ni rahisi, kukisikia ni kazi: nusu ya neno humezwa. Hata hesabu yao ina kiini macho: hamsini ni halvtreds, asili yake "mbili na nusu mara ishirini".

Chuoni utakutana pia na nynorsk, andiko la pili la Kinorwei. Lilitokana na kazi ya Ivar Aasen, aliyezunguka vijijini miaka ya 1840 akikusanya lahaja za wakulima na wavuvi. (Pate na Siyu tungemhitaji mtu kama yeye.)

Sasa kazi yenyewe. Usikariri "båt" peke yake. Kariri "en båt", na "båten" ukimaanisha mashua ile inayojulikana; "et hus", yaani nyumba, kisha "huset". Alama hiyo hubandikwa mwishoni mwa neno, na en au et huna njia ya kuibuni. Wewe hukufundishwa kwamba ni jahazi lile na mashua ile, ulisikia tu tangu utotoni. Fanya vivyo hivyo hapa.

Kitenzi nacho hung'ang'ania nafasi ya pili. "Vi seiler i morgen", tunasafiri kesho. Ukianza na kesho, inakuwa "i morgen seiler vi": kitenzi hakiondoki, mtendaji ndiye anayesogea nyuma yake. Nilifanya kosa hili muhula mzima.

Kwa sauti, aliyesoma madrasa ana faida, maana makhraj, mahali herufi zinapotokea kinywani, ameshayazoea. Sema i, huku midomo ukiiviringa kama ya u: hiyo ndiyo y yao. Sema e kwa midomo ya o, upate ø. Kisha kuna wimbo wa neno. Bønder ni wakulima, bønner ni maharagwe, na pia ni dua. D haisikiki, kinachotenganisha ni mpando wa sauti tu. Jirekodi kwenye simu, ujisikilize ukiwa umekaa kitako ufukweni, punda wakipita wakikushangaa.

Usiende moja kwa moja kutuma maombi. Shahada ya lugha hizi kule kwa kawaida hufundishwa kwa lugha yenyewe, na utatakiwa uthibitishe kiwango. Kwa hiyo miaka ya mwanzo isomee nyumbani. Chuo kikuu cha NTNU, Trondheim, kina kozi ya bure ya Kinorwei kwenye intaneti, na Chuo Kikuu cha Aisilandi kina ya Kiaislandi. Hicho cha Reykjavik kina pia shahada ya Kiaislandi iliyoandaliwa kwa wageni.

Pesa nitazisema haraka maana zinauma. Wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada Denmaki tangu 2006, Uswidi tangu 2011, na Norwei tangu 2023. Uswidi hata fomu ya maombi ni kronor 900. Tafuta ufadhili kabla ya kuuza chochote cha familia.

Mama aliniuliza, "Sasa lugha hiyo ya theluji utanena na nani?" Nilikuwa sina jawabu. Siku hizi ananiita nikija mgeni Mnorwei dukani, nami nikitaka kukutana naye huomba aandike saa kwa tarakimu: 14.30.