Jinsi ya kumtumia Horace Horsecollar bila kugusa hakimiliki ya mtu

Horace Horsecollar, yule farasi mweusi wa Mickey Mouse, alianza kuonekana katika The Plow Boy, katuni ya Disney ya 1929. Kwa sheria ya Marekani, katuni hiyo ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuitumia bila ruhusa, tangu Januari 1, 2025. Ila kilichofunguliwa ni farasi wa mwaka ule tu, na hapo ndipo wachoraji wengi wanapoteleza.

1. Piga hesabu. Chukua mwaka wa kutolewa, ongeza 95, kisha subiri Desemba 31 ipite. 1929 + 95 = 2024. Kwa kazi za 1929 usihangaike kutafuta kama hakimiliki iliwahi kuhuishwa: miaka 95 ndiyo kikomo, nayo imekwisha.

2. Chora ukitazama filamu yenyewe. Hatua hii ipe muda. Tazama The Plow Boy polepole, simamisha picha, andika unachokiona pamoja na dakika na sekunde yake: mwili mweusi, kola nene ya shingoni ya farasi wa kazi (ndiyo iliyompa jina), miguu minne ikivuta plau. Kila sifa ya mchoro wako iwe na mstari wake kwenye orodha hiyo. Isiyokuwa nao, ifute.

Kosa la kawaida ni kutafuta picha mtandaoni na kunakili ya kwanza inayojitokeza. Mara nyingi huyo ni Horace wa baadaye, mwenye rangi na mavazi kamili. The Band Concert, kwa mfano, ni ya rangi na ya 1935. Itafunguliwa Januari 1, 2031. Sifa iliyoongezwa baadaye hulindwa kwa mwaka wake yenyewe. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Marekani ilifuata kanuni hiyo katika kesi ya Sherlock Holmes.

Rangi utakazobuni mwenyewe ni zako hata kama hazimo kwenye orodha, mradi zisifanane na za Disney.

3. Tenga alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa za kampuni. Hakimiliki huisha, alama ya biashara huendelea maadamu inatumika sokoni. Kumtaja Horace ndani ya hadithi ni jambo moja, kumfanya nembo ya fulana zako ni jingine. Andika wazi kwamba kazi haitoki Disney wala haijaidhinishwa nao.

4. Chagua nakala ya filamu. Ukitaka vipande vyenyewe, epuka nakala iliyotiwa rangi au muziki mpya. Nyongeza hizo zinaweza kuwa na hakimiliki yake.

5. Angalia nchi unakosambaza. Kenya hulinda filamu kwa miaka 50, kwa hiyo hapo The Plow Boy si tatizo. Kwingineko muda huhesabiwa tangu kifo cha watunzi, na Ub Iwerks, mchoraji wa katuni za Disney za enzi hizo, alifariki 1971.

6. Weka kumbukumbu. Mitambo ya YouTube ikizuia video, pinga kwa kutaja jina la filamu, mwaka, na dakika ulikotoa kila sifa.