Namna ya kuendesha shauri la nidhamu kazini kwa haki, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia msimamizi wa idara kuendesha shauri lake la kwanza la nidhamu, tangu taarifa ya awali hadi rufaa. Alikuwa na kanuni za utumishi mkononi, lakini kanuni hizo, kama zilivyo nyingi, zilieleza adhabu kwa kirefu na kuugusia tu utaratibu wa kuzifikia. Ninachokisisitiza humu ni kwamba mfanyakazi hawezi kujitetea dhidi ya tuhuma asiyoielewa, na kwa hiyo haki ya shauri zima hutegemea zaidi namna tuhuma ilivyoandikwa kuliko ustadi wa wanaoketi kwenye kikao. Ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: hakikisha kanuni ipo na inajulikana

Henri Fayol, aliyechapisha kanuni zake 14 za uongozi nchini Ufaransa mwaka 1916, aliiweka nidhamu katika nafasi ya tatu, akaifungamanisha na mambo matatu: wakuu wazuri katika kila ngazi, makubaliano yaliyo wazi na ya haki, na adhabu zinazotolewa kwa busara. Adhabu aliitaja mwisho. Kabla hujamwita mtu, tafuta kifungu alichokivunja pamoja na uthibitisho kwamba alikisoma au alielezwa. Usipovipata, eleza kanuni kwa wafanyakazi wote na uanze kuisimamia kuanzia siku hiyo.

Hatua ya pili: tofautisha utovu wa nidhamu na utendaji duni

Anayechelewa kwa makusudi na anayechelewesha ripoti kwa sababu hajui kutumia programu mpya hawaingii katika njia moja. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1982 hutaja mwenendo na uwezo kama sababu mbili mbalimbali za kusitisha ajira, na Pendekezo Na. 166 la mwaka huohuo linataka mwenye utendaji usioridhisha apewe maelekezo yanayofaa na onyo la maandishi, kisha muda wa kutosha wa kujirekebisha. Jiulize swali moja: je, angeweza kulitenda sawasawa kama angetaka? Jibu likiwa hapana, mpe mafunzo na malengo. Likiwa ndiyo, endelea na mwongozo huu. Makosa madogo ya mara ya kwanza yamalizwe kwa mazungumzo ya faragha, kwani barua haina kazi hapo.

Hatua ya tatu: chunguza kabla ya kutuhumu

Mpe uchunguzi mtu ambaye hakushuhudia tukio na ambaye hatakaa kwenye kikao cha uamuzi. Kazi yake ni kukusanya yanayomtia mtu hatiani na yanayomwondolea hatia kwa bidii ileile. Mimi husisitiza maelezo ya mashahidi yaandikwe kwa mkono wao wenyewe, yatiwe sahihi na tarehe siku hiyohiyo, na kila hati ya asili itolewe nakala kabla haijarudishwa ilikotoka. Picha za ujumbe wa simu siziamini zikiwa peke yake, kwa sababu hukatwa, hukosa tarehe, na mara nyingi huonyesha nusu ya mazungumzo. Panga matukio yote katika jedwali moja lenye safu nne: tarehe na saa, kilichotokea, aliyekisema, na hati inayokithibitisha. Safu ya nne ikiwa tupu, tukio hilo bado ni uvumi.

Ikibidi mtuhumiwa akae pembeni ili uchunguzi usivurugwe, msimamishe kwa malipo kamili, na barua iseme wazi kwamba kusimamishwa huko si adhabu. Usichelewe, maana Pendekezo Na. 166 humhesabu mwajiri aliyelijua kosa akakaa kimya kupita muda wa busara kuwa ameiacha haki yake ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa hilo.

Hatua ya nne: andika barua ya tuhuma

Barua nyingi nilizozisoma zimeandikwa hivi: “Unatuhumiwa kwa uzembe na kukosa uaminifu. Unatakiwa kujieleza ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu.” Barua hiyo ina makosa matatu. Kwanza, uzembe na kukosa uaminifu ni tuhuma zinazopingana, kwa kuwa mzembe hakukusudia na asiye mwaminifu alikusudia, hivyo mtuhumiwa hajui ajibu lipi. Pili, hakuna tukio lolote lililotajwa. Tatu, maneno “kwa nini usichukuliwe hatua” yanamchukulia kuwa amekwisha kukosa na kumbebesha yeye kazi ya kuthibitisha, ilhali kazi hiyo ni ya anayetuhumu.

Linganisha na hii: “Tarehe 14 Machi, kati ya saa 9:00 na saa 11:00 alasiri, ukiwa mtunza stoo wa zamu, unatuhumiwa kuwa uliruhusu boksi 12 za wino wa printa zitoke stoo bila hati ya kutolea mzigo, kinyume cha kifungu cha 7 cha kanuni za stoo. Ushahidi utakaotumika ni leja ya stoo ya siku hiyo, daftari la getini, na maelezo ya mlinzi wa zamu, ambavyo nakala zake zimeambatishwa.” Aliyeipokea barua hii anaweza kusema kwamba siku hiyo alikuwa likizo, kwamba boksi zilikuwa nane, au kwamba hati ilitolewa na ikapotea. Tuhuma iliyoandikwa vizuri ni ile inayoweza kukanushwa kwa jambo mahususi.

Sehemu iliyotuchukua jioni nzima, mimi na yule msimamizi, ilikuwa kuchagua jina la kosa. Yeye alitaka kuandika wizi. Lakini anayetuhumu wizi amejifunga kuthibitisha kwamba mali ilichukuliwa kwa nia ya kumnyima mwenyewe, na ushahidi tuliokuwa nao ulionyesha tu kwamba mzigo ulitoka bila hati. Andika kosa ambalo ushahidi wako unalifikia, usiandike lile ambalo hasira yako inalihisi. Kutoa mali bila kibali kunaweza kuwa kosa zito la kutosha, na halihitaji ukisie yaliyo moyoni mwa mtu.

Kuna tahadhari nyingine, na hakuna hata moja ninayoiona ndogo. Kila tukio lipewe aya yake. Kitendo kimoja kisigawanywe kuwa makosa matatu ili orodha ionekane nzito. Maneno ya kupamba, kama “kwa makusudi mabaya” au “kama ilivyo kawaida yako”, yaondolewe yote. Maonyo ya zamani yasitiwe ndani ya tuhuma, kwa sababu hayathibitishi kilichotokea tarehe 14 Machi. Mahali pake ni kwenye kupima adhabu. Barua itaje adhabu kubwa kabisa inayowezekana, ili mtu asije akadhani anaitwa kwa onyo kumbe ajira yake imo hatarini. Iandikwe kwa lugha anayoisoma bila taabu, na imweleze kwamba anaweza kusaidiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Kuhusu muda, saa 24 siziungi mkono kamwe. Saa 48 ndicho kiwango cha chini ninachokikubali kwa shauri jepesi, na penye leja au hesabu nyingi muda uongezwe. Chini ya barua weka mstari usemao kwamba sahihi inathibitisha kupokea tu na si kukiri kosa, na ukiuacha mstari huo wengi watakataa kutia sahihi. Akikataa hata hivyo, aliyeshuhudia aandike tarehe, saa na jina lake, na barua ihesabiwe kuwa imefika. Ukipatikana ushahidi mpya baada ya hapo, andika barua mpya na muda uanze upya. Usiuchomoze ushahidi huo mezani siku ya kikao.

Hatua ya tano: endesha kikao

Ibara ya 7 ya Mkataba Na. 158 inazuia kusitisha ajira kwa sababu ya mwenendo au utendaji kabla mfanyakazi hajapewa nafasi ya kujitetea. Nafasi hiyo iwe ya kweli: soma tuhuma kama ilivyoandikwa, wasilisha ushahidi, mwache aulize mashahidi, kisha mwache aseme hadi amalize. Mihtasari isomwe kabla watu hawajatawanyika, na kila ukurasa utiwe sahihi na pande zote mbili.

Hatua ya sita: amua, kisha pima adhabu

Haya ni maswali mawili na yajibiwe kwa vikao viwili, hata kama la pili litafuata baada ya nusu saa. Viongozi wengi hufundishwa kanuni ya jiko la moto, inayonasibishwa na Douglas McGregor, mtaalamu wa uongozi wa Kimarekani: jiko huonya kwa joto lake, huunguza papo hapo, humuunguza kila alishikaye, na halijali ni nani. Inafaa kwa uthabiti, lakini jiko halisikilizi, na adhabu ya haki hutazama muda wa utumishi, mazingira ya kosa, na majuto. Kabla ya kutamka, fungua majalada ya makosa yanayofanana na uone wengine walipewa nini. Ukitofautiana nayo, andika sababu.

Hatua ya saba: rufaa na kumbukumbu

Barua ya uamuzi itaje sababu, adhabu, muda wa kukata rufaa, na cheo cha atakayeisikiliza, ambaye asiwe amehusika hapo awali. Onyo liwe na tarehe ya kwisha. Tarehe hiyo ikifika bila kosa jingine, liondoe kwenye jalada la kazi na umjulishe mhusika kwa maandishi kwamba halitatumika tena dhidi yake.