Namna ya kuuita mtaa wenye hali mbaya bila kuwatukana wakazi wake

Ninahariri habari za redio hapa Kigoma. Hii ndiyo njia ninayowapa waandishi wapya.

1. Kagua kwanza, neno baadaye. Maji wanachota wapi? Choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi? Mvua ikishuka kutoka mlimani inapita uani kwa nani? Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lina vigezo vitano: maji, choo, nyumba imara, nafasi (watu wasiozidi watatu chumba kimoja) na uhakika wa kutofukuzwa. Kaya ikikosa hata kimoja, inahesabiwa kuwa inaishi katika makazi duni.

2. Chagua neno kwa kile ulichokikuta. Hapa ndipo wengi wanapotereza.

*Makazi holela* ni yale yaliyojengwa bila ramani ya mipangomiji, basi. Hayasemi lolote kuhusu umaskini: nyumba ya vigae na geti la chuma inaweza kuwa ndani yake. *Makazi duni* ni nyumba na huduma hafifu, hata kama viwanja vimepimwa. *Mitaa ya mabanda* waachie Wakenya. Kwetu banda ni la kuku, au la kuonyeshea mpira.

*Uswahilini* lina mtego. Miji ya kikoloni iligawanywa uzunguni, uhindini na uswahilini, na mgawanyo huo bado unasikika ndani ya neno. Mkazi akisema "sisi wa uswahilini" anajivunia ujirani. Mtangazaji akisema "kule uswahilini" anadharau.

Ukuta wa udongo peke yake si uduni. Ujiji ulikuwa mji wenye soko na misafara kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Usiuhukumu kwa kutazama kuta. Wala harufu ya dagaa mwaloni Kibirizi si uchafu, ni kazi ya watu.

3. Sarufi. *Duni* na *holela* havipokei kiambishi: nyumba duni, mtaa duni. *-chafu* hupokea: mtaa mchafu, makazi machafu.

4. Msomee mwenyekiti wa mtaa. Kama unaona haya kulitamka neno ulilochagua mbele yake, lifute. Mara nyingi utagundua hulihitaji kabisa. Badala ya "wakazi wa makazi duni wanateseka", andika: "Kaya sita zinatumia choo kimoja, na maji wananunua kwa ndoo."