Somo: Prine ya Japani juu ya mawe ya volkano, Goma

Wengi wananionyesha kiwanja chao chenye mawe matupu na kusema, "Hapa hapaoti kitu." Mimi nawajibu: panda prine ya Japani, ile ambayo Watanzania wanaiita mgogwe, mti wa matunda wa jamii ya nyanya. Asili yake si Japani, ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, kwa hiyo ubaridi wa hapa kwetu inauzoea. Mizizi yake haiendi chini sana, na adui yake mkubwa ni maji yaliyotuama. Mawe yetu hayatuamishi maji.

1. Mbegu au kijiti? Mti wa mbegu hupanda na shina moja hadi karibu kimo cha mtu ndipo utoe matawi. Ukifika mita 1, kata ncha. Kijiti cha sentimita 50 kutoka tawi lililokomaa hutoa kichaka kifupi, watoto wanachuma wakiwa wamesimama chini. Ila kijiti hurithi ugonjwa wa mama yake. Kata kwenye mti mzima tu.

2. Shimo. Hapa ndipo jasho lilipo. Toa mawe, upana na kina sentimita 60, ujaze udongo mweusi na samadi iliyooza kabisa. Mbichi itaunguza mizizi. Kama chini ni mwamba mzima wa lava ya Nyiragongo ya 2002, usihangaike na nyundo. Panga mawe duara hadi kwenye goti, ujaze udongo humo ndani. Miti yangu mizuri kuliko yote iko katika maduara hayo.

3. Panda mvua za Septemba zikirudi, mita 2 kati ya mti na mti. Funga kwenye nguzo siku hiyohiyo. Wangu wa kwanza sikuufunga, upepo ukaulaza chini ukiwa na matunda mabichi, na bado naukumbuka. Tandaza majani makavu, na magugu yang'oe kwa mkono: jembe litakata mizizi.

4. Matunda yanakuja baada ya mwaka 1 na nusu hadi 2. Ukimaliza kuchuma, punguza matawi yaliyozaa, maana matunda hutoka kwenye machipukizi mapya.

Maswali

Mama wa Keshero: Majani yana unga mweupe. Nifanye nini?
Ni ukungu, mama. Ondoa majani hayo, punguza matawi ya katikati hewa ipite.

Kijana wa Majengo: Yaya, kaka yangu yuko Kanada. Anaweza kuniletea serizi (cheri) za kichaka zinazovumilia baridi?
Mdogo wangu, hazitakuzalia. Aina moja ya serizi hizo, Carmine Jewel, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Saskatchewan cha Kanada mwaka 1999, inahitaji kulala wiki nyingi katika baridi kali ndipo ichanue vizuri. Usiku wetu wa Goma kwake ni joto. Na prine yetu ukimpelekea kaka yako Kanada, barafu itaiua.

Mpangaji wa Himbi: Sina kiwanja. Ndoo inafaa?
Ndoo ya rangi ni ndogo. Tafuta pipa, utoboe matundu mengi chini, na Juni hadi Agosti usiache udongo ukauke.