Watoto wakigombea zamu, waachie kalenda

Nina wavulana wawili, wa miaka 7 na 4, na kila siku waligombana: nani aanze kuoga, nani akae dirishani kwenye daladala, nani apewe ukoko wa wali. Sasa nimewagawia tarehe. Mkubwa ana shufwa (2, 4, 6), mdogo ana witri (1, 3, 5). Mwenye siku anatangulia katika yote, na ndiye anayetandika mkeka na kuondoa vyombo. Hilo la kazi usiliache, maana zamu ya raha tupu mwenzake ataionea kijicho hadi jioni. Inasaidia kwa sababu mzazi si hakimu tena. Huwezi kuambiwa unapendelea wakati tarehe iko ukutani na wote wanaiona. Mdogo wangu bado namba zinamchanganya, kwa hiyo siku zake nimezipaka kijani kwenye kalenda.

Inakwama hapa:

1. Miezi ya siku 31. Tarehe 31 na 1 zote ni witri, hivyo mdogo anapata siku mbili mfululizo, na mkubwa atagundua tu. Hutokea mara 7 kwa mwaka (mwaka mrefu ongeza Februari 29). Kwetu siku hiyo ya mwisho ni ya mama: naoga kwanza, ukoko wangu.
2. Mmoja akiumwa. Mgonjwa ndiye anayetangulia, tarehe yoyote.
3. Binamu wakija kulala. Watoto wakiwa wanne, rudini kwenye kura.