Intavyu ya hifadhi Uingereza: msikilize mkalimani kabla hujaanza kujibu

Wandugu mnaosubiri intavyu kubwa ya hifadhi huku Uingereza, najua mnakesha mkikariri tarehe, sawa, ila watu wetu wengi wanakwama kwenye Kiswahili chenyewe.

Mwanzoni afisa wa Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya huku) atakuuliza kama unamwelewa mkalimani. Usiitikie tu kwa adabu! Msikilize kwanza anavyoongea. Mtu wa Bukavu akisema "bibi yangu walimchukua" anamaanisha mke wake, mkalimani aliyekulia Dar anasikia mama mzaa mama, basi karatasini inaingia bikizee, na kule kwenye skriningi, ile intavyu fupi ya mwanzo, ulisema mke. Hapo unaonekana muongo na wala hujadanganya. "Ndugu" nayo ni mtego, mtaje mtu vizuri: mtoto wa baba mdogo, au tumezaliwa tumbo moja. Na saa ndo balaa, saa mbili usiku ikipelekwa Kiingereza neno kwa neno inageuka saa nane usiku, yaani masaa sita yameshayeyuka kwenye kisa chako mwenyewe. Sema saa, halafu ongezea: jua lilikuwa limeshazama, tunakula.

Ukiona hamwelewani simamisha palepale, mwambie afisa, na omba iandikwe kwamba umelalamika. Ukinyamaza mpaka mwisho ukaulizwa kama kila kitu kilikuwa poa ukasema ndiyo, baadaye nani atakuamini?

Kama kuna mambo ya kubakwa au ya aibu, omba mapema afisa na mkalimani wa jinsia unayotaka, usisubiri mpaka umeshakaa kwenye kiti. Hukumbuki tarehe? Sema hukumbuki, usibuni. Umechoka, kichwa kinauma, omba mapumziko, ni haki yako sio fadhila.

Sasa hili wengi hawalijui: ile nakala ya maandishi utakayopewa ni ya Kiingereza tupu, maneno yako ya Kiswahili hayamo. Yanabaki kwenye sauti tu, kwa hiyo hakikisha intavyu inarekodiwa na uombe nakala zote mbili, na ile ya skriningi pia. Kaa na wakili mstari kwa mstari, marekebisho yatumwe haraka, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi. Na yule jamaa anayekusaidia kusoma arekebishe kilichokosewa tu, asikuongezee chumvi yake.