Jinsi ya kuagiza samaki wa suancai na tambi za mikoa ukiwa China

Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Guangzhou, Aprili na Oktoba, wageni kutoka Dar na Mombasa hunipigia simu wakitaka kujua pa kula. Wengi huishia wali na kuku mtaani Xiaobei mpaka siku ya kupanda ndege, ilhali wako katika nchi yenye samaki wa suancai, yaani samaki wa mchuzi wa mboga iliyochachushwa, na tambi za kila mkoa. Nimezoea kuwapeleka mezani mwenyewe. Mwongozo huu ni kwa anayekuja peke yake.

Hatua ya 1: Simu

Weka WeChat au Alipay, programu za kulipia, na programu ya kutafsiri kwa kamera. Skani msimbo ulioko mezani, agiza, lipa.

Hatua ya 2: Mgahawa

Samaki huyu huandikwa 酸菜鱼. Asili yake ni Chongqing, na alisambaa China nzima miaka ya 1990. Mgahawa wa Tai Er, ulioanzia Guangzhou mwaka 2015, ulijipatia jina kwa kauli kwamba suancai ni tamu kuliko samaki mwenyewe. Nami nasema hivyo hivyo. Suancai ya Sichuan na Chongqing ni majani ya haradali yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ndani ya mtungi mpaka yakachacha yenyewe. Ile ya kaskazini mashariki ni ya kabichi ya Kichina, na ladha yake ni nyingine kabisa. Bakuli likifika, nusa kwanza. Uchachu wa mtungi una harufu nzito, tulivu. Ukipigwa na ukali wa siki puani, mpishi amepita njia ya mkato. Mimi mgahawa wa namna hiyo sirudi.

Hatua ya 3: Samaki na mizani

Hapa soma polepole, maana ndipo pesa na hamu ya kula vinapopotelea.

Tafuta maneno 活鱼, yaani samaki hai, kisha uulize ni samaki gani. 草鱼 ni wa bei nafuu na nyama yake ni tamu, lakini ana vijiba vyenye umbo la Y vilivyotawanyika ndani ya mnofu wenyewe, mbali na uti wa mgongo. Hata akikatwa vipande vyembamba kama karatasi, vijiba vinabaki. Ukiwa na watoto, au na mtu aliyezoea minofu ya sangara, mwache. 黑鱼 ni mweusi, mrefu, kichwa chake chafanana na cha nyoka. Wageni wengine humkataa kwa sura. Wasimkatae! Nyama yake ni ngumu kiasi, haivunjiki kwenye mchuzi, na miiba ni michache. Huyu ndiye ninayemwagiza daima. 鲈鱼 naye ana miiba michache, ila ni laini zaidi, anawafaa wazee.

Kuna pia 巴沙鱼, minofu iliyogandishwa, nyingi kutoka Vietnam. Haina mwiba wala haina ladha. Mara nyingine huuzwa kwa jina la 龙利鱼, ambaye kwa haki ni samaki bapa wa baharini. Bei ikiwa ya chini mno, jua ni 巴沙鱼.

Sasa mizani. Samaki hai huuzwa kwa jin, na jin moja ni gramu 500. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya nusu kilo, na hupimwa mzima: kichwa, matumbo na magamba. Jin tatu huwatosha watu watatu wakila na wali. Nenda mwenyewe kwenye tangi, onyesha unayemtaka, simama karibu na mizani. Akipimwa ndani ya mfuko, omba maji yamwagwe kwanza. Mwambie mhudumu aandike jumla ya bei kwenye simu kabla samaki hajauawa, kwa sababu akishauawa ni wako. Kama menyu inauza kwa bakuli, 份, hayo yote hayakuhusu.

Sisitiza kichwa na mifupa viingie kwenye bakuli. Mchuzi mzuri hupatikana kwa kuvikaanga na kuvichemsha kwa moto mkali mpaka uwe mweupe. Mchuzi wa manjano ya kung'aa hauthibitishi chochote. Mara nyingi rangi ni ya pilipili za manjano za Hainan, au ya boga.

Hatua ya 4: Kwa asiyekula nguruwe

Samaki pekee si kinga. Suancai mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na vipande vya samaki hukolezwa kwa mvinyo wa kupikia. Onyesha maandishi haya, yanayouliza kama wametia mafuta ya nguruwe na mvinyo wa kupikia: 有没有放猪油和料酒? Jibu likiwa la kusitasita, ondoka. Penye kibao cha 清真 chakula ni halali, lakini si kila mgahawa wa namna hiyo hupika samaki huyu.

Hatua ya 5: Pilipili

微辣 ni kali kidogo, 不辣 haina pilipili. Huajiao, kiungo cha Sichuan, ni jambo jingine: inatia ganzi ulimi. Hiyo si dalili ya ugonjwa.

Hatua ya 6: Kula

Anza na samaki, maana joto la mchuzi linaendelea kumpika. Suancai uile pamoja na wali. Mchuzi unanyweka.

Hatua ya 7: Tambi

Lanzhou, tambi za nyama ya ng'ombe huliwa asubuhi. Bakuli la haki lina mchuzi angavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya giligilani na kitunguu saumu, na tambi za manjano. Unene unachagua wewe, na mpishi anavuta donge mbele yako: 细 nyembamba, 韭叶 bapa nyembamba, 大宽 pana kama mkanda. Mimi huagiza 二细, nene kidogo kuliko 细, inayoshika mchuzi bila kulainika haraka. Maduka ya namna hii yaliyotapakaa miji mingine, mengi ya Wahui, Waislamu wa China, kutoka Hualong, mkoani Qinghai, yana kibao cha 清真, na ndiyo kimbilio la Mwislamu China nzima.

Wuhan, kula reganmian, tambi za ufuta zisizo na mchuzi. Changanya ufuta na tambi mara tu unapokabidhiwa, ukichelewa zinagandamana.

Chongqing, xiaomian, tambi za pilipili, ni tamu sana, lakini uliza tena kuhusu mafuta ya nguruwe.

Kunming, tambi za mchele za guoqiao huja na mchuzi usiotoa mvuke. Usiuonje kwanza! Tabaka la mafuta juu limeufunika moto, na utaungua. Tumbukiza yai na vipande vya nyama mbichi, kisha mboga, tambi mwisho.